Kastoma hataki kulipa: mwongozo kamili kwa mafundi na wenye biashara ndogo za huduma Uganda

Mwongozo huu ni wa fundi wa vyuma kule Katwe, fundi gari wa Ndeeba, dada wa saluni, mpiga picha za harusi, mama anayepikia sherehe, kijana wa kuprinti Nasser Road, fundi bomba, fundi umeme, yaani kila mtu anayeuza kazi ya mikono yake. Sisi deni letu ni gumu kuliko la mwenye duka, kwa sababu nywele ukishasuka hauwezi kuzifumua uzirudishe stoo, na harusi ukishaipiga picha imepita, hairudiwi. Kastoma akishapata alichotaka presha yote inahamia kwako, yeye analala vizuri wewe ndio unahesabu siku.

Msimamo wangu ni huu na nausema wazi: deni halizaliwi siku kastoma anazima simu. Linazaliwa siku ile ulipokubali kazi bila kutaja bei vizuri, bila kushika dipoziti, bila kuandika hata mstari mmoja. Kwa hivo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya KABLA ya kazi. Kama tayari unazungushwa, ruka mpaka hatua ya 6, lakini ukimaliza rudi huku juu usome, maana kastoma mwingine yuko njiani.

Hatua ya 1: Mjue mtu kabla hujashika nyundo

Watu wengi wanaanza kazi wakiwa na kitu kimoja tu, namba ya simu iliyoandikwa "Bosi Mlango" au "Mama Keki". Namba ikizimwa umebaki bila kitu. Kabla ya kazi yoyote ambayo ikipotea itakuuma, pata vitu hivi: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, mahali anapoishi mpaka jina la kijiji au zone (hii utaihitaji sana baadaye ukienda LC, yaani baraza la serikali ya mtaa), mahali anapofanya kazi, na namba ya pili ya mtu wa karibu. Sio kumhoji kama polisi, unamwambia tu "naandika kwenye kitabu changu cha kazi bosi" na mtu mwenye nia njema anakupa bila shida. Anayekasirika sababu umemuuliza jina, hapo tayari amekujibu.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha jina: anza kumtumia pesa kidogo kwa mobile money, jina lililosajiliwa kwenye laini linatokea kabla hujaweka PIN, lisome alafu ukate. Kama anasema ni Musa na laini ina jina la mwanamke, muulize, inawezekana ni laini ya mke wake, ila ujue.

Alafu angalia ni kastoma wa aina gani, maana kila aina ina ugonjwa wake. Jirani na ndugu wanalipa mwisho kabisa kwa sababu wanajua hautawaaibisha. Mtu wa mshahara analipa ila kwa tarehe zake. Shule inalipa wazazi wakilipa. Kontrakta anakuambia "nikilipwa nakulipa", na hapo unakuwa umemkopesha yeye na aliyempa kazi, wote wawili, bila kujua. Na kazi za kampeni, mabango, tisheti, spika, gari la matangazo, ushauri wangu ni pesa zote taslimu kabla ya kuanza, wala usione aibu, kwa sababu mgombea akishindwa hataki hata kuziona hizo tisheti, na akishinda hapatikani.

Hatua ya 2: Andika, hata kama ni WhatsApp

Waswahili walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa ongeza na sheria: Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inasema mkataba wa kitu chenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Wengi wakisikia hivo wanadhani lazima wakili na karatasi zenye muhuri. Hapana. Sheria hiyo hiyo inakubali maandishi ya kielektroniki, bora yaweze kufunguliwa na kusomwa tena baadaye. Yaani meseji ya WhatsApp, SMS au imeili ni maandishi. Kinachotakiwa ni meseji iwe na mambo yenyewe, sio "sawa bosi tutaongea".

Mfano wa meseji inayotosha:

"Habari bosi. Tumekubaliana hivi: mlango mmoja wa chuma futi 7 kwa 3 na grili za madirisha manne, rangi nyeusi, kufuli juu yangu. Bei yote 1,600,000. Dipoziti 1,000,000 kabla ya kuanza, 400,000 kazi ikiisha kabla ya kupakia, 200,000 siku ya kufunga. Siku 8 tangu dipoziti iingie. Ukibadilisha kitu bei inaweza kubadilika na tutaandikiana tena. Kama uko sawa nijibu NIMEKUBALI."

Usianze mpaka neno hilo liingie. Mkiongea kwa simu, ukikata tu andika muhtasari umtumie, "kama tulivyoongea sasa hivi..." na hakikisha amejibu. Hasa mabadiliko! Hapa ndipo pesa nyingi za mafundi zinapotelea. Kastoma anapita gereji anasema "na hii angalia", wewe unaangalia, unabadilisha kifaa, siku ya malipo anasema hakukutuma. Kila "na hii" iandikwe na bei yake kabla hujaigusa.

Kama kastoma hasomi, mweleze kwa mdomo mbele ya shahidi ambaye sio ndugu yako wala mfanyakazi wako, muandike kwenye kitabu, aweke dole gumba. Na usifute chat. Ukibadilisha simu hakikisha zimehamia, alafu zile muhimu piga skrinishoti uzitume kwenye imeili yako.

Hatua ya 3: Dipoziti inayojitosheleza

Watu wanaomba "nusu nusu" kwa mazoea tu, bila kupiga hesabu. Hebu turudi kwenye ule mlango. Bei 1,600,000. Vyuma, bawaba, kufuli, rangi na umeme wa kuchomelea tuseme 1,000,000. Usafiri 60,000. Vibarua wawili 180,000. Jumla ya kinachotoka mfukoni ni 1,240,000, na chako wewe ni 360,000. Sasa ukichukua nusu, 800,000, maana yake umeweka 440,000 yako ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Akikimbia, haujafanya kazi ya bure tu, umemlipa ndio akufanyishe kazi.

Ukipanga kama kwenye meseji ile, dipoziti inabeba vifaa vyote, ile 400,000 inaingia kazi ikiwa bado kwako, na kinachobaki hatarini ni 200,000. Akiila hiyo bado umebaki na 160,000 na vibarua wamelipwa. Inauma, lakini kesho unafungua. Hii ndio kanuni ya kushika: dipoziti isishuke chini ya gharama ya vifaa, na malipo ya mwisho yasizidi faida yako. Kila biashara ipige hesabu yake.

Fundi gari, usinunue spea kwa pesa yako. Mwambie kastoma bei, atume pesa moja kwa moja kwa muuzaji kule Kisekka au aje mwenyewe anunue, wewe udai ufundi tu. Wapishi na wapambaji wa sherehe, balansi yote iingie siku kadhaa kabla ya sherehe, maana kamati ya harusi ikishakula keki inavunjika na kila mtu anakuambia muulize mweka hazina. Wapiga picha, mnatuma picha chache ndogo zenye jina lenu katikati, zile kubwa safi na albamu zinatoka pesa ikitimia. Saluni na dobi ni rahisi zaidi, bei ibandikwe ukutani na kichwa cha gharama kubwa kilipiwe nusu kabla ya kukaa kwenye kiti.

Kuhusu mobile money, semeni mapema nani anabeba gharama za kutoa. Ukikubali 200,000 akatuma 200,000 kamili, ukatoa, ada na ile kodi ya 0.5% ya kutoa pesa zinakatwa kwako. Kwenye kazi moja unaona ni kidogo, ukijumlisha mwaka mzima sio kidogo. Alafu mwambie aandike sababu ya malipo pale panaporuhusu, mfano "dipoziti mlango", itakusaidia ushahidi.

Hatua ya 4: Usiachie kitu kabla ya pesa

Kitu kikiwa mkononi mwako una nguvu, kikitoka umebaki na maneno. Na hii sio ujanja wa mtaani, sheria ya mikataba inatambua kwamba fundi aliyepewa mali ya mtu aifanyie kazi anaweza kuishikilia mpaka alipwe ujira wake wa kazi hiyo. Gari, redio, suti, laptop, pikipiki. Ila iko na mipaka. Unashikilia kwa ajili ya deni la kazi hiyo, sio deni la mwaka jana la kitu kingine. Na kushikilia sio kuuza! Mafundi wanaponzwa hapa, wanakaa na simu ya mtu miezi wanaiuza, alafu kastoma anarudi na kesi ya wizi na fundi ndio anaonekana mbaya. Ukitaka kuuza pitia korti. Pia usiitumie, gari la kastoma lisionekane linabeba matofali yako.

Angalia ule mtego wa "naomba nilijaribu barabarani kidogo". Jaribu naye, wewe au kijana wako akae ndani ya gari. Na kwa kazi za kufunga nyumbani, pesa iingie kabla ya saruji. Mlango ukishashikwa na saruji ukutani huo sio wako tena, hata kama haujalipwa shilingi, na kurudi usiku kuung'oa ni kosa la jinai, utaacha kuwa mdai uwe mshtakiwa.

Hatua ya 5: Ofisi, shule na serikali zina kalenda zao

Hawa wanaweza kukulipa vizuri sana au wakakuua njaa, inategemea kama umeelewa karatasi zao. Usifanye kazi ya ofisi kwa maneno ya mtu mmoja aliyekupigia simu, subiri LPO iliyosainiwa, ile oda rasmi ya ununuzi. Ukimaliza, kabla haujatoka getini, sainisha hati ya kupokea kazi, jina la aliyepokea, tarehe, muhuri. Invoisi iende siku hiyo hiyo ikiwa na namba ya LPO, TIN yako (namba ya mlipa kodi) na akaunti. Ukichelewa wiki mbili kupeleka invoisi umejichelewesha mwenyewe wiki mbili. Alafu ujue jina la mhasibu, sio la aliyekupa kazi tu. Aliyekupa kazi anafurahi, mhasibu ndio anasaini.

Jambo la kodi linalowashtua wengi: zile taasisi ambazo zina wajibu wa kukata kodi kwa niaba ya URA, mamlaka ya mapato, zikikulipa zaidi ya shilingi 1,000,000 zinakata 6%. Invoisi ya 3,000,000 inaingia 2,820,000. Hiyo 180,000 hawajakuibia, dai cheti chake, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato. Bila cheti ndio umepoteza.

Tarehe nazo. Shule inakuwa na pesa mwanzo wa muhula, yaani Februari, kuelekea Juni, na Septemba, kwa hivo umeme wa bweni ukiutengeneza Novemba bila malipo ya mapema jiandae kusubiri mpaka Februari. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni, na pesa ambayo haijatumika inarudi hazina, basi karatasi zako ziwe zimekamilika Mei. Mtumishi wa serikali mshahara unatakiwa kuingia ifikapo tarehe 28, mdai tarehe 29 asubuhi, sio tarehe 15 mkagombana bure. Mkulima wa kahawa Masaka au Bugisu mpangie na msimu wake.

Hatua ya 6: Kudai bila kugombana

Tarehe imefika, pesa hakuna. Kitu cha kwanza, usinyamaze. Wengi tunaona aibu tunakaa mwezi mzima, na kadri unavyokaa yeye anahesabu kwamba umesamehe. Kukopa harusi kulipa matanga, unajua, mtu siku ya kuchukua anacheka siku ya kutoa ananuna, usishangae, wewe endelea na ratiba yako.

Siku moja kabla ya tarehe: "Habari bosi, kesho ndio siku ya balansi yetu 200,000. Namba ni hii hii. Asante."

Siku ya tatu baada ya tarehe, piga simu, usitume meseji. Asipopokea piga tena jioni. Akipokea usianze na lawama, muulize swali linalohitaji jibu: utalipa siku gani na kiasi gani? "Nitakutumia" sio jibu. "Kesho" pia sio jibu, kesho saa ngapi? Baada ya simu andika: "Asante kwa kuongea, umesema Ijumaa jioni 200,000, nasubiri."

Ikipita wiki, sasa kaa chini ujiulize: huyu ameshindwa au anakwepa? Hawa watu wawili hawatibiwi dawa moja. Aliyeshindwa anapokea simu, anaeleza, anatuma hata 20,000. Amefiwa, amepoteza kazi, mtoto yuko hospitali. Huyu mpangie vipande vidogo na uvipokee kwa heshima, binadamu aliyekwama ukimsaidia kusimama anakulipa na anakuletea kazi nyingine. Anayekwepa amekublok, anasoma meseji hajibu, ukimkuta anakuambia "wewe fundi mdogo unanisumbua kwa hela ndogo". Huyu usiongeze meseji za maombi, nenda kwenye karatasi.

Kuna na wa tatu, anayesema kazi ni mbaya. Msikilize kwanza kwa kweli kabisa, nenda ukaangalie, kama kuna kosa lirekebishe haraka na bure, alafu mwambie aandike kwamba imerekebishwa. Kama hakuna kosa, muombe aorodheshe malalamiko kwa maandishi. Mtu asiye na hoja akiambiwa aandike anapungukiwa maneno.

Mstari ambao nauona una thamani kuliko kelele zote ni mdaiwa mwenyewe kukiri deni. Karatasi moja: "Mimi fulani wa kijiji fulani, nakubali nadaiwa na fulani shilingi 450,000 ya kazi fulani iliyoisha tarehe fulani. Sina malalamiko juu ya kazi. Nitalipa 150,000 kila tarehe 30 kuanzia mwezi fulani." Saini zenu, mashahidi, ikiwezekana na muhuri wa LC1, yaani LC ya kijiji. Karatasi hii inaua ubishi wa bei na wa ubora kwa pamoja. Na kisheria madai ya mkataba yana miaka 6 kabla ya kupitwa na wakati, mdaiwa akikiri kwa maandishi miaka inaanza kuhesabiwa upya.

Kwa ndugu na majirani pitia mtu mzima. Mjomba wake, shangazi, imamu, mchungaji, mwenyekiti wa chama chenu cha kuweka akiba. Nenda kwa adabu, usiende kumshtaki, nenda kuomba ushauri: "Mzee, nina jambo na kijana wako, sitaki lifike mbali, nisaidie." Deni ambalo lilikaa mwaka linalipwa kwa wiki, kwa sababu sasa ni heshima ya nyumba.

Mambo ya kukataa kabisa hata ukiwa na hasira

Usibandike picha yake Facebook au kwenye status na maandishi "mwizi huyu". Kuna kesi ya kuchafua jina, na kuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019, utajikuta unamlipa yeye. Usichukue simu yake au pikipiki yake kwa nguvu barabarani, huo ni unyang'anyi hata kama deni ni la kweli. Usitume vijana wa misuli. Anayeruhusiwa kukamata mali ni dalali wa korti mwenye leseni na amri mkononi, basi.

Na polisi? Deni la kawaida ni la madai, sio jinai, polisi sio wakusanya madeni. Iko tofauti pale alipokudanganya tangu mwanzo ili akupate, mfano jina la uongo na kampuni ambayo haipo, au alikupa cheki ikarudi kwa kukosa pesa. Kutoa cheki ya namna hiyo ni kosa la jinai Uganda, weka cheki na karatasi ya benki pamoja, usivitenganishe.

Hatua ya 7: LC1

Kwa deni lisilozidi shilingi 2,000,000 korti ya LC ina mamlaka, kwa Sheria ya Korti za Local Council ya 2006. Unaenda kwenye kijiji anachoishi mdaiwa au pale deni lilipotokea, ndio maana nilisema andika jina la kijiji tangu siku ya kwanza. Mawakili hawaruhusiwi, lugha ni ile inayosemwa na watu wa hapo, na kuna ada ndogo, iulizie na udai risiti.

Nilikaa kwenye kikao kimoja, mabenchi nje ya nyumba ya mwenyekiti, Jumapili mchana, katibu na kitabu chake kikubwa cha kaunta. Dada wa saluni alikuwa anadai 380,000 za kumpamba bibi harusi na wasimamizi wake. Kaka wa bibi harusi, ambaye ndio alikubali kulipa, alisimama akasema nywele zilianza kulegea ukumbini kwa hivo halipi. Watu wakaanza kuguna, wengine upande wake. Dada hakubishana. Alifungua simu akamkabidhi katibu, katibu akasoma kwa sauti meseji ya kaka huyo huyo ya usiku wa harusi, "dada asante sana umetupendeza, balansi Jumatatu." Kukawa kimya. Wazee wakamuuliza kaka swali moja tu, hiyo Jumatatu ilikuwa lini. Akaomba alipe mara mbili, ikaandikwa, wote wakasaini.

Kwa hiyo jifunzeni kitu kutoka kwa yule dada: siku unamaliza kazi, kabla mambo hayajapoa, mtumie kastoma meseji, "kazi imekuendea vizuri?" Jibu lake la furaha ndio shahidi wako. Ukienda LC beba hivo vyote, meseji zilizoprintiwa, risiti za mobile money, picha za kazi, shahidi mmoja aliyeona. Ongea kidogo, taja kiasi, tarehe na ahadi zilizovunjwa. Usipoteze muda kueleza tabia zake. Usiporidhika unakata rufaa LC2, kisha LC3, na kutoka hapo kwa hakimu mkuu wa eneo.

Hatua ya 8: Korti ya madai madogo

Deni likizidi hapo, mpaka shilingi 10,000,000, kuna utaratibu wa madai madogo kwenye korti za mahakimu, kanuni zake zilitoka 2011 na zimetengenezwa kwa watu kama sisi. Hauhitaji wakili na wakili haruhusiwi kukuwakilisha. Serikali haishtakiwi huku, ila mtu binafsi na kampuni ndio.

Kwanza lazima umpe mdaiwa notisi ya maandishi ya siku 14. Taja kiasi, kazi gani, tarehe gani, na kwamba asipolipa ndani ya siku 14 utafungua kesi ya madai madogo. Fomu unaipata kwa karani wa korti. Peleka nakala mbili, moja abaki nayo moja asaini amepokea, akikataa kusaini nenda na shahidi. Andika kwa Kiingereza kwa sababu ndio lugha ya korti, kama hauko vizuri tafuta mtu akusaidie, na siku ya kusikilizwa unaweza kuomba mkalimani. Wengi wanalipa kwenye hizo siku 14, karatasi yenye neno korti inaamsha watu waliolala.

Asipolipa unarudi na notisi, uthibitisho kwamba ameipokea, na ushahidi wako, unajaza fomu ya madai, unalipa ada, anaitwa. Hakimu kwanza anajaribu kuwapatanisha. Mkikubaliana inaandikwa na inakuwa amri. Msipokubaliana anasikiliza na kuamua. Ukishinda na bado halipi unaomba utekelezaji, na hapo dalali wa korti atakuuliza mdaiwa ana nini na kiko wapi. Kama haujui ana gari gani wala anafanya kazi wapi, ushindi wako utabaki kwenye faili.

Kwa hiyo kabla ya kufungua piga hesabu baridi. Deni la 80,000 ukiweka boda, siku za kufunga kibanda na kuprinti, umemaliza deni lote kwa kulidai. Hilo lipeleke LC1 au liandike limekufa. Deni la 900,000 kwa mtu mwenye nyumba za kupangisha, hilo nenda nalo mpaka mwisho.

Hatua ya 9: Daftari la madeni na kikomo

Kila Jumatatu asubuhi fungua ukurasa mmoja, jina, kiasi, tarehe ya ahadi, neno la mwisho alilosema. Dakika chache tu. Na weka kikomo: madeni yote ya nje yasizidi kiasi ambacho kikipotea chote bado unaweza kulipa kodi ya kibanda ya mwezi huo. Ukifika kwenye kikomo, kazi ya mkopo imefungwa kwa kila mtu mpaka mmoja alipe, hata kwa rafiki, hata kwa afande.

Mwenzako wa biashara akikuuliza "huyu analipa?" mwambie ukweli wa yaliyotokea kati yenu, kwa mdomo, wawili. Usifungue grupu la majina na picha za wadaiwa.

Na yule mwenye deni akirudi na kazi mpya, maana watarudi, tena wakicheka kama hakuna kitu, usimfukuze na usimkaripie mbele ya watu. Deni la zamani kwanza, kazi mpya analipa yote mbele. Mtumie hii: "Karibu sana bosi, nimefurahi umenikumbuka. Kuna ile 200,000 ya mlango, tukiimaliza leo nakupa bei ya hii ya geti. Ya geti tutaenda kwa malipo kamili kabla, nikianza nakutumia picha kila jioni uone inavyoenda." Akikubali mpe kazi safi kama kastoma mwingine yeyote. Asipojibu, endelea na kazi iliyo mbele yako.